Stesheni ikihama, tuachieni hata karatasi mlangoni

Kwa Mhariri,

Najua barua za wasomaji huwa fupi. Hii itakuwa ndefu kidogo, na ikikubidi kuikata, kata huku mwanzoni uniachie mwisho.

Mimi ni fundi wa redio. Chumba changu kiko ghorofa ya pili ya jengo moja kuukuu nyuma ya Luthuli Avenue, na chuma cha kulehemu nimekishika tangu mwaka 1979, mjomba aliponileta mjini kujifunza kazi kwa Mhindi mmoja wa River Road. Katika miaka hiyo yote sijawahi kuona wiki kama ile ya miezi michache iliyopita, nilipoletewa redio sita ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote.

Ya kwanza ililetwa Jumatatu asubuhi na soja anayelinda nyumba za ghorofa huko Kilimani. Alikuwa ametoka zamu, koti bado mwilini, rungu kwapani. Akaiweka mezani akasema, "Fundi, redio imeruka." Nikamuuliza imeruka wapi. "Mshale uko pale pale ulipotia rangi, lakini stesheni haipo. Kuna vijana wanacheka tu."

Hiyo rangi lazima niieleze. Wateja wangu wengi ni wazee, na redio zao ni zile za mshale na uzi, si hizi zinazowaka tarakimu. Macho yao hayasomi tena zile namba ndogo za kwenye kioo. Kwa hiyo nikimaliza kutengeneza humuuliza mteja anasikiliza stesheni ipi, naitafuta, nikiipata safi natia tone la rangi ya kucha pale mshale unaposimama. Nyekundu ni ya taarifa ya habari, ya waridi ni ya muziki, nyeupe ni ya kanisani au msikitini. Chupa hizo tatu nilizinunua kwa mama mmoja wa vipodozi hapo chini, na alinitazama kwa jicho la kuuliza ni za nani. Nilimwambia ni za wake zangu watatu. Mpaka leo anawasalimu.

Basi redio ya yule soja niliifungua. Nikasafisha ile kapasita inayozunguka na kifungo, nikakaza uzi, nikalehemu mguu wa spika ambao, kusema kweli, haukuwa umelegea. Nikamtoza shilingi mia. Mungu anisamehe, sikuwa nimejua. Mchana akaja mwingine na lalamiko lile lile, na jioni akaja wa tatu. Huyo alikuwa mama wa Kaloleni, muuza mihogo, aliyeniambia, "Fundi, hii redio uliniuzia ama uliniazima?" Hapo ndipo nilipowasha ya kwangu nikapeleka mshale kwenye waridi.

Stesheni ilikuwa imekufa. Au niseme kaburi lilikuwa pale na juu yake watu wengine wanacheza ngoma.

Jina la stesheni hiyo silitaji. Sitaki ugomvi, na si hiyo peke yake iliyofanya hivi. Ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili. Usiku kuanzia saa nne kulikuwa na mtangazaji mmoja mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, mpenda rumba, anayesoma salamu za wasikilizaji hadi saa nane: soja wa lango fulani anamsalimu mwenzake wa lango la pili, muuguzi wa zamu anamsalimu mume aliyelala, dereva wa lori aliye Mlolongo anasalimu watu wa kwao Taveta. Ijumaa ile alifunga kipindi kama kawaida na kusema, "Tukutane Jumatatu panapo majaliwa." Mwishoni mwa wiki wakawa wanapiga wimbo mmoja tu, ule ule, saa baada ya saa, wala hakuna mtu anayesema lolote. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi jina likawa jingine, fupi, la Kiingereza, lenye tarakimu mkiani. Kukawa na mwanamume mwenye sauti nzito anayelitamka jina hilo kila baada ya wimbo, kama mtoto aliyefundishwa jina lake jana na anaogopa kulisahau. Baada ya siku chache, ubao mkubwa barabarani ukawa na sura mpya, meno meupe, rangi za kuumiza macho. Kuhusu yule mtangazaji wa usiku hawakusema neno. Hawakusema amehama, amestaafu, anaumwa, wala kwamba amekwenda kwao kulima.

Sasa, Mhariri, usinielewe vibaya. Mimi si mzee wa kulaani muziki wa vijana. Wajukuu wangu wanasikiliza mambo ambayo nikiyasikia nadhani spika imepasuka, na sijawazima. Stesheni kubadili jina na mwelekeo si dhambi wala si jambo jipya katika mji huu. Redio ya taifa yenyewe iliitwa KBC mwaka 1961, ikawa Sauti ya Kenya, yaani Voice of Kenya au VOK, mwaka 1964, ikarudi kuwa KBC mwaka 1989. Nakumbuka mabadiliko hayo ya mwisho vizuri, kwa sababu nilikuwa tayari na meza yangu mwenyewe, na hakuna hata mteja mmoja aliyeniletea redio kulalamika kwamba imeruka. Watu waliendelea kuiita VOK miaka mingi baadaye, na wapo wanaoiita hivyo hadi leo. Jina lilihama, lakini sauti zilibaki. Mtangazaji wake, Leonard Mambo Mbotela, alianza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966 na akakibeba zaidi ya miaka hamsini. Ofisi ilibandika majina, ikayabandua, yeye akiwa bado anatuuliza kama ni ungwana kupiga chafya bila leso. Tulimzika mwaka 2025. Wapo wateja wangu walioleta redio zao wiki hiyo zikiwa nzima, wakitaka tu niongeze sauti, wasikie vizuri jinsi alivyokuwa akiagwa.

Na kwa kuwa nimemtaja Mbotela, niseme jambo ambalo nimelifikiria sana nikiwa nimeinamia redio za watu. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 nilikuwa Makongeni, chumbani kwa mjomba, umri wangu miaka 24. Wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali waliiteka stesheni pale Broadcasting House. Walikuwa na bunduki, walikuwa na maikrofoni, na mitambo ilikuwa mikononi mwao. Yeyote kati yao angeweza kusoma lile tangazo. Lakini walimfuata Mbotela nyumbani kwake, wakamchukua, wakamlazimisha alisome yeye. Waliasi kila kitu, lakini walijua kwamba mwananchi hasadiki masafa, husadiki sauti anayoifahamu. Mjomba wangu aliposikia ni Mbotela anayesema, akaketi chini. Angesikia sauti ya kigeni angeigonga redio ngumi akidhani imeshika nchi nyingine.

Wenye stesheni za leo wana wataalamu wa nembo na wa kaulimbiu, wenye shahada na kompyuta, na jambo hilo hawalijui.

Mji wenyewe umebanana, hilo nalielewa. Nilikuwepo mwaka 1996 Capital FM ilipokuja kwenye 98.4, ya kwanza ya mtu binafsi kwenye FM nchini. Kabla ya hapo redio nyingi nilizotengeneza hazikuwa hata na FM, zilikuwa na mawimbi ya kati na mafupi basi. Ghafla kila mtu akawa anapanda ngazi: "Fundi, nitilie FM." Nilikula vizuri miaka ile. Mwaka 2000 ikaja Kiss 100, mwaka huo huo Kameme kwa Kikuyu, kisha zikafuatana kama matatu za namba 58 saa za jioni: za Kiswahili, za lugha za nyumbani, za makanisa, ya Waislamu, za Sheng, za mitaa kama Kibera na Korogocho. Leo ukizungusha kifungo kutoka 87.5 hadi 108 hapa Nairobi huna pa kupenyeza sindano. Anayetaka stesheni mpya hapati kiwanja kitupu. Hununua ya mwenzake, au huvunja ya kwake iliyomchosha akajenga nyingine juu ya msingi ule ule. Ndiyo maana mshale wa wateja wangu unabaki pale pale huku nyumba ikiwa ya mtu mwingine.

Hata kampuni yenu ya Nation, Mhariri, haikuepuka hayo. Nation FM ilianza mwaka 1999, ikageuka Easy FM, ikarudi tena kuwa Nation FM, na katikati ya mwaka 2016 ikatangazwa kwamba inafungwa pamoja na QFM, ile ya Kiswahili. Angalau taarifa ilitolewa hadharani na watu wakajua kilichotokea. Nasema hivyo ili usidhani nachagua wa kumrushia jiwe.

Kijana mmoja anayeshughulika na mitambo kwenye stesheni nyingine huja kwangu kununua plagi na waya. Nilimuuliza kwa nini wanafanya hivi. Akanieleza bila kuficha: wenye biashara wanaolipia matangazo wanataka wasikilizaji wa miaka kumi na minane hadi thelathini na kitu. Mzee wa miaka sitini, hata wawe maelfu, hahesabiwi, kwa sababu anadhaniwa alishachagua sabuni yake zamani. Nilicheka, kisha nikakumbuka sabuni yangu, na kweli sijaibadilisha tangu Moi. Lakini nikamuuliza tena: hiyo sabuni ya vijana wa kwangu nani anailipia? Akasema, "Mzee, hilo si la idara yangu."

Wala si wazee tu wanaoachwa njia panda. Kulikuwa na stesheni ya roki hapa jijini. Muziki ule mimi nilikuwa nausikia kama mashine ya kusaga mahindi iliyokosa mahindi. Lakini nilikuwa na mteja wake mmoja, kijana mrefu mwenye nywele hadi mabegani, shati jeusi hata Januari. Stesheni ilipogeuzwa alikuja na redio ya gari lake mkononi, ameing'oa mwenyewe na kukata nyaya mbili. Ilikuwa nzima. Alikaa kwenye stuli yangu karibu nusu saa akiniuliza ni mahali gani pengine jijini angeweza kusikia vitu vile, na jibu lilikuwa hakuna. Sikumtoza. Nilikuwa nimeshajifunza kwa yule soja. (Huyo nilimrudishia mia yake. Alikataa, nikamnunulia mawe manne ya redio, yaani betri, akakubali.)

Utaniambia: fundi, biashara ni biashara, na wewe je? Na mimi nimebadilika. Zamani nilikuwa chini kabisa, mlango ukiangalia barabara, kibao kimeandikwa REDIO, KASETI, GRAMAFONI. Mwaka 2011 kodi ikapanda nikashindwa, nikahamia juu, ngazi ya nyuma, ghorofa ya pili. Kaseti zilishakufa. Siku hizi nusu ya kazi yangu ni matundu ya chaja za simu na visabufa vya Kichina ambavyo ndani yake hamna kitu isipokuwa hewa na taa. Kwa hiyo kubadilika nakujua.

Lakini nilipohama nilibandika karatasi mlangoni wiki tatu kabla. Niliandika kwa kalamu nene: FUNDI ANAHAMIA JUU, NGAZI YA NYUMA, MLANGO WA SAMAWATI. Aliyechukua chumba kile, muuza viatu, nilimwomba asiibandue mpaka mwezi uishe, na aliivumilia miezi minne. Mpiga viatu brashi anayekaa langoni nilimpa mia mbili awe anawaelekeza watu. Gharama yote ya kubadili "chapa" yangu, kama wanavyoiita sasa, ilikuwa karatasi moja, gundi na shilingi mia mbili. Bado nilipoteza wateja, lakini waliopotea ni wale walioshindwa na ngazi. Hakuna aliyedhani nimekufa.

Ninachoomba ndicho hicho tu: karatasi mlangoni.

Mamlaka ya Mawasiliano pale Waiyaki Way ndiyo inayogawa masafa, na masafa si shamba la mtu, ni mali ya umma anayopewa mwenye leseni ayatumie. Sitaki Mamlaka ianze kuwaambia wapige nini. Kifungu cha 34 cha Katiba kinaikataza serikali kuingilia watangazaji, na mimi niliyeishi na redio moja tu, inayofungua na kufunga habari kwa safari za rais, sina hamu ya kurudi huko. Lakini kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma anayopewa. Tumezoea kudhani kifungu hicho ni cha unga na dawa. Mtu aliyetenga usiku wake miaka tisa kwa ajili ya kipindi kimoja, akanunua mawe ya redio kila wiki mbili ili asikikose, je, si mteja? Kwamba hakulipa mlangoni haimfanyi mpita njia. Ni masikio yake yaliyouzwa kwa wenye matangazo.

Basi mwenye leseni anayetaka kugeuza stesheni atangaze hewani siku thelathini kabla. Atangaze kwa lugha ile ile ambayo stesheni imekuwa ikizungumza, si kwa Kiingereza kwenye mtandao ambako mama wa mihogo hafiki. Atangaze usiku pia, si saa za mchana tu, maana wa usiku ndio waliozoea zaidi. Na awape watangazaji wanaoondoka kipindi kimoja cha mwisho cha kuaga. Najua wanachoogopa. Wanaogopa mtu atalia hewani, au atasema ya mshahara. Hata akilia. Tumeshasikia mengi kwenye redio za asubuhi za mji huu, machozi ya mtu mzima hayatatuua.

Wako watakaosema kwamba ukitangaza mapema wasikilizaji watakimbia kabla ya siku. Ni kweli, wengine watakimbia. Lakini hao ni wale wale mnaowafukuza, sasa haraka ya nini?

Nirudi kwa mama wa Kaloleni, maana ndiye aliyenishawishi kuandika. Alirudi mara tatu. Mara ya kwanza nilimweleza, akatikisa kichwa akaenda. Mara ya pili alikuja kuuliza kama labda wamehamia namba nyingine. Tulizungusha pamoja mshale taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, yeye ameinamisha sikio, na kila tulipokuta mtu anasema Kiswahili ananyoosha kidole nisimame. Zipo nzuri. Zina rumba Jumapili, zina mpira, zina vichekesho. Alizisikiliza kwa adabu kama mtu anayeonyeshwa vyumba vya kupanga, akasema, "Si mbaya, lakini si kwangu." Mara ya tatu alitaka nilifute lile tone la waridi. Nililikwangua kwa wembe. Limeacha kovu dogo kwenye kioo, halitoki hata kwa spiriti. Nikamuuliza sasa nitie wapi, akasema nimwachie ile nyekundu ya habari kwanza, hiyo nyingine atafikiri.

Na yule soja wa Kilimani bado hupitia hapa akitoka zamu. Huwa na swali moja, nami sina jibu lake, kwa hiyo naliweka hapa. Usiku ule wa Ijumaa alikuwa ametuma salamu kwa rafiki yake wa Syokimau ambaye hana simu, na mtangazaji akasema muda umekwisha, atazisoma Jumatatu. Kama wewe mtangazaji unasoma gazeti hili, popote ulipo, hizo salamu bado zinadaiwa. Usiogope, hakuna atakayekuuliza ya kazi. Ingia Luthuli Avenue, zunguka nyuma, ngazi ni nyembamba na taa imeungua. Ghorofa ya pili, mlango wa samawati. Ukipotea, muulize mpiga viatu brashi.

Fundi wa redio,
Nairobi